Mfuko wa Mgeni

"Hivi jirani, huo unga mnaoufunga huko kiwandani, wewe mwenyewe ungempa mjukuu wako?"

Swali hilo aliliuliza Pini, fundi cherehani wa nyumba ya pili, siku aliyokuwa akimpima Shangazi gauni la kazi. Aliuliza pini nne zikiwa zimebanwa midomoni, maana mama huyo hakuacha kusema hata mdomo ukiwa umejaa vyuma, na jina lake lilitoka huko. Wateja walishamzoea. Walikuwa wakisema siku Pini akinyamaza, akaitwe daktari.

Shangazi alikuwa amesimama mikono kainyoosha, kama mtu anayepekuliwa na askari. Hakuwa mtu wa kujibu upesi.

"Nampa," alisema mwishowe. "Kila asubuhi. Na kikombe anamaliza."

"Unaapa?"

"Siapi. Jina la Mungu si la kuchezea. Nakwambia tu, nampa."

Pini akachomoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye pindo, akarudi nyuma hatua moja kuangalia kazi yake. "Haya. Kama ni neno lako, kesho nampeleka Kifaranga wangu akaandikishwe. Lakini nikisikia vingine, jirani, nakushona huo mdomo kwa uzi wa gunia."

Wakacheka wote wawili. Ndivyo Kifaranga, mtoto wa mwisho wa Pini, miaka mitatu na uzito wa paka, alivyoingizwa kwenye mpango. Aliingia kwa neno la Shangazi, si kwa karatasi ya mtu yeyote.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Chuo kilikuwa na wataalamu wa lishe waliobuni unga wa watoto wenye upungufu wa damu: nafaka, soya iliyokaangwa, sukari kidogo, na unga fulani wa kijivu, laini kama majivu, ambao ndio madini ya chuma yenyewe. Ujuzi chuo kilikuwa nao, mitambo kilikuwa hakina. Kiwanda nacho kilikuwa na mitambo, malori na maghala, ila mtu wa kukiambia mtoto anahitaji nini hakikuwa naye. Basi wakakutana, wakatia saini. Watoto mia na ishirini wangelishwa kwa miezi sita, wakipimwa damu kliniki kila mwezi. Damu ikipanda, unga ungekwenda kwenye kliniki zote. Isipopanda, kila mmoja angerudi kwao na kuaga kwa mbali.

Kutia saini ni jambo moja na kuaminiana ni jingine. Kule chuoni walinong'ona kwamba watu wa viwanda wanachojua ni kuuza tu. Na kiwandani, siku mtaalamu alipokuja mara ya kwanza, watu walipeana macho.

"Katumwa kutuchunguza huyo," alisema Ngurumo, fundi wa mtambo wa kuchanganyia. Alidhani ananong'ona. Miaka kumi na tisa pembeni ya mtambo ule, mingi ya hiyo akiwa msaidizi, ilikuwa imemfanya aseme kila kitu kwa sauti ya kuita kivuko, na mtaalamu, aliyekuwa bado getini, akageuka na kumpungia mkono.

Alikuwa dada mwembamba, kijana bado, koti jeupe, viatu vya raba. Katika mfuko wa koti alikuwa na kijiko cha chuma, na kila alipopita pipa au beseni alikichomoa, akaonja, akafikiri, akakifuta. Siku hiyohiyo akapewa jina: Kijiko. Mbele yake walimwita Daktari.

Kijiko aliomba kitu kimoja tu. Kila Jumatatu apewe mfuko mmoja wa kilo mbili, akaupime maabara, ajue kama madini yamo kiasi kinachotakiwa. Bosi, mwenye kiwanda, akatazama huku na huku, akasema, "Kazi hiyo apewe Shangazi. Mikono yake ni misafi, na hasahau kitu."

Kweli hasahau. Elimu yake iliishia darasa la saba, na kusoma alisoma kwa kidole, taratibu, lakini alichokisoma hakikumtoka. Alikuwa mjane mwaka wa nane. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa mtambo kabla ya Ngurumo, na alipofariki Bosi akamwita mkewe, akampa kiti pale unga unapotokea, ashike mifuko na kuifunga. Watu wote pale, hata waliomzidi umri, walimwita Shangazi.

Na Shangazi alikuwa na desturi yake, aliyoachiwa na marehemu. Mgeni wa kiwanda hapewi mfuko wowote tu uliojitokea. Mgeni anatengewa. Basi kila Jumatatu, mtambo ulipoanza kumimina, aliketi na beseni lake safi mapajani. Kila baada ya mifuko kumi alikinga kikombe kimoja pale mdomoni mwa mtambo, akakitia kwenye beseni, toka mfuko wa kwanza mpaka wa mia mbili. Aliona hivyo mgeni atakuwa ameonja baraka ya kazi nzima. Baadaye alichekecha mara mbili, akakoroga kwa mwiko mpaka mkono ukachoka, akajaza mfuko, akaufunga kwa fundo la upande. Akaupeleka ofisini kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka zawadi ya harusi.

Kijiko aliupokelea hukohuko ofisini, kwenye kiti chenye mto, feni ikimpulizia na soda baridi iko mezani. Pazia la plastiki linalotenganisha ofisi na ukumbi wa mitambo hakulivuka. Mara mbili aliinuka avuke, na mara zote mbili Bosi alimzuia kwa upole: "Huko vumbi tupu, Daktari, utachafuka bure. Kunywa soda." Naye, akiona amepewa heshima, akaona aibu kukataa. Akanywa soda.

Majibu ya maabara yalikuwa mazuri kupita kiasi. Mwezi wa kwanza sawasawa, wa pili sawasawa, wa tatu kama umepimwa kwa rula. Kijiko alibandika karatasi ukutani ofisini, mstari umenyooka. Bosi aliwaonyesha hata madereva wa malori.

Ila damu za watoto hazikujua habari za karatasi ile.

Miezi mitatu ya mwanzo kliniki walisema damu haipandi kwa siku moja, wasubiri. Mwezi wa nne muuguzi wa kliniki alishusha kope la Kifaranga, akaangalia ndani, akatikisa kichwa. Peupe vilevile. Na si yeye peke yake. Watoto zaidi ya themanini damu ilikuwa palepale, kama vile walikuwa wakinywa maji ya kuoshea vyombo.

Wiki hiyohiyo mjukuu wa Shangazi akaanza kulia tumbo. Tumbo gumu kama ngoma, choo cheusi kama makaa. Shangazi akambeba mpaka kliniki. Muuguzi akamuuliza anakula nini, akasikiliza, akasema, "Huyu madini yamemzidi. Mpumzishe na huo unga kwanza, mpe maji na matunda. Atakaa sawa."

"Yamemzidi?" Shangazi aliuliza. "Na Kifaranga wa jirani yangu je?"

"Huyo yamempungua."

"Unga si ni mmoja?"

Muuguzi aliinua mabega. "Ndio uniambie wewe, mama. Wewe ndiye unayeufunga."

Neno hilo likamwingia Shangazi likakaa. Alirudi nyumbani nalo, mjukuu mgongoni, na hakujua alikanyaga wapi.

Kabla hajalipatia jibu, Pini akafika. Aliingia bila hodi, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, na pini zote kazichomeka kwenye ukosi, mdomo mtupu. Hapo Shangazi akajua mambo si mema.

"Nimeitwa mwizi," Pini alisema.

"Na nani?"

"Na watu wako! Kliniki pale wamesema wazi. Maabara unga ni mzuri, kwa hiyo wabaya ni akina mama. Eti tunauza. Eti tunawapikia waume zetu. Mimi mume wangu mwenyewe nimemwona mara ya mwisho mwaka juzi, nimpikie kwa posta?" Akauvuta utepe shingoni. "Alhamisi Daktari wenu anasoma ripoti kiwandani, na sisi akina mama watatu tumeitwa tuwakilishe wenzetu. Tukasikilize tunavyotukanwa kwa lugha ya kitaalamu. Jirani, mimi mtoto nampikia kikombe mwenyewe, namshika pua mpaka anameza. Nilifanya hivyo kwa neno lako."

"Najua."

"Hujui!" Pini akageuka mlangoni. "Nilikuuliza swali, ukanijibu umesimama wima kama mlingoti. Sasa nitakuuliza tena Alhamisi, mbele ya watu." Akaondoka, na hata alipofika uwanjani kwake alisikika bado akisema.

Siku ya pili ilikuwa ya mapumziko. Baada ya sala Shangazi hakuinuka upesi. Alichukua ungo wa mchele akakaa kwenye kizingiti, akawa anaokota mawe na kufikiri. Mjukuu alilala kwa amani, tumbo limeanza kulegea. Alipomaliza mchele akamwendea mtoto wa kwanza wa Pini, akamwomba mfuko wao uliobaki nusu. Akarudi, akachukua bakuli mbili nyeupe, moja akatia unga wa Kifaranga na nyingine unga wa mjukuu, akaziweka juani bega kwa bega.

Ule wa Kifaranga ulikuwa mweupe wa maziwa. Wa mjukuu ulikuwa na ukijivu, kidogo tu, kama nguo nyeupe iliyofuliwa pamoja na soksi.

Mfuko wa mjukuu aliupata wapi? Kiwandani, kila Ijumaa, wafanyakazi hugawiwa mfuko mmoja mmoja, na mifuko hiyo huwa ni ile ya mwisho kutoka, maana ya mbele huwa imeshapakiwa. Na ya kliniki je? Ya kliniki ndiyo ya mbele. Gari lao hupita saa tatu asubuhi, mtambo umeanza tu kumimina.

Shangazi akauona mtambo kama umesimama pale uani. Nafaka huingia kwanza, soya juu yake, na mwishoni kabisa Ngurumo hupanda ngazi na kumwaga yale madini juu ya vyote, akafunga kifuniko. Mtambo ukazunguka kidogo. Kisha mlango wa chini ukafunguliwa. Cha chini kikatangulia, cha juu kikaja mwisho.

Na mfuko wa mgeni? Kikombe cha mwanzo, kikombe cha katikati, kikombe cha mwisho. Beseni. Chekecheo mara mbili. Mwiko.

Alisimama ghafla, bakuli moja ikapinduka. Miezi minne Kijiko alikuwa akipima kazi ya mwiko wake. Kazi ya mtambo hakuipata hata kijiko kimoja. Watu wanamtafuta mwizi kwa akina mama, kumbe aliyeuficha ukweli ni yeye, tena kwa heshima na taadhima, kwa mikono miwili.

"Ee Mungu," alisema kwa sauti ndogo. "Sikukusudia, lakini nimefanya."

Aliogopa, hilo tusilifiche. Kile kiti pale mdomoni mwa mtambo ndicho kilichomlisha miaka minane, yeye na mjukuu. Mtu anayeharibu kazi ya kiwanda na ya chuo kwa pamoja hapewi gauni jipya. Na akinyamaza? Akinyamaza hakuna atakayejua. Ripoti itasomwa, chuo kitarudi kwao, kiwanda kitaendelea na biskuti zake za siku zote, akina mama watabaki na jina la wizi, na Kifaranga atabaki na kope lake jeupe. Alikaa na mawazo hayo mpaka jua likahama kizingitini. Kisha akaosha bakuli zote mbili, akazifunika.

Alhamisi walikutana kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, ambacho nacho kilitengwa na mitambo kwa pazia la plastiki, karatasi ya Kijiko imehamishiwa ukutani, meza zimeunganishwa, kitambaa cha plastiki cha maua juu yake. Bosi aliketi kichwani mwa meza. Kijiko alikuwa na karatasi zake, na macho yake yalionyesha hakulala vizuri. Akina mama watatu waliketi upande mmoja, Pini katikati, mfuko wake wa unga ameuweka mbele yake kama mtu anayerudisha mahari. Ngurumo na wafanyakazi wengine walisimama ukutani. Shangazi alikaa karibu na mlango, beseni lake mapajani.

Kijiko alisoma taratibu. Alisema maabara imethibitisha unga una madini kiasi kinachofaa, mara kumi na sita mfululizo. Alisema damu za watoto wengi hazikupanda. Akafika mahali akasita. "Kwa hiyo... kilichobaki, kwa masikitiko, ni kwamba huenda watoto hawakupewa unga huu nyumbani kama tulivyoelekeza."

"Sema wezi!" Pini alisema. "Usizunguke, mwanangu. Neno ni fupi, halitakuumiza ulimi."

"Mama, sijasema..."

"Umesema. Umelivika koti jeupe tu."

Bosi akagonga meza kwa kalamu. "Tusikilizane. Kiwanda kimetimiza wajibu wake, ukuta ule una ushahidi. Mimi naona tuufunge mkataba huu kwa salama, kila mtu..."

"Bosi," Shangazi alisema. "Samahani."

Watu wakageuka. Katika miaka minane hakuna aliyewahi kumsikia akimkata Bosi kauli.

Alisimama na beseni lake. "Akina mama hawa hawana kosa. Aliyeharibu kazi ni mimi."

Akaeleza. Hakupunguza, hakuongeza. Kikombe kila mifuko kumi, chekecheo, mwiko, fundo la upande. Akaeleza mjukuu na Kifaranga, na bakuli mbili juani. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika.

"Yaani ulikuwa unampikia mgeni unga?" Ngurumo alinguruma. "Shangazi! Unga si pilau!"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Bosi alikuwa amewiva uso. "Kwa nini, Shangazi? Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ni mgeni, Bosi. Mgeni nimpe kilichojitokea tu? Wewe mwenyewe ulimpa kiti chenye mto."

Bosi akaiweka kalamu chini.

Kijiko alikuwa ameacha karatasi zake. Alitembea mpaka kwa Shangazi, na Shangazi akajikaza apokee maneno. Lakini dada yule aliuliza kwa haraka, kama mtu aliyeona funguo zake chini ya kochi: "Kikombe kila mifuko kumi? Toka mwanzo mpaka mwisho? Hukuruka hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Kila Jumatatu?"

"Hata ile niliyokuwa na homa."

"Basi madini yote yamo," Kijiko alisema, na sauti yake ikapanda. "Yamo! Hesabu ya kuweka ni sahihi. Hayajaenea tu." Akawageukia wote. "Nani ana sumaku?"

Ngurumo alikuwa nayo. Aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa zamani, na huitumia kuokotea nati zilizomdondokea. Kijiko akaivika mfuko wa nailoni. Akaomba vikombe vitatu vya maji, mfuko wa kwanza wa asubuhi hiyo, wa katikati, na wa mwisho. Akakoroga unga kidogo kidogo katika kila kikombe, akaitembeza sumaku ndani ya cha kwanza, akaitoa.

Watu walisogea wakabanana. Juu ya nailoni hapakuwa na kitu, ila vijidoa viwili vitatu.

Cha katikati: vumbi jeusi jembamba.

Cha mwisho: sumaku ilitoka na ndevu. Ndevu nyeusi, nene, zimesimama.

"Mama yangu!" alisema mmoja wa akina mama. "Huyo ni mzee mzima."

Hakuna aliyecheka sana. Pini aliuvuta mfuko wake, akaufungua, akamimina kijiko kwenye kikombe cha nne bila kuombwa. Sumaku ikaingia, ikatoka safi kama ilivyozaliwa. Akaiangalia muda mrefu. Miezi minne ya kumshika mtoto pua.

"Mtambo unazungushwa dakika ngapi?" Kijiko aliuliza.

Ngurumo akamtazama Bosi. Kwa mara ya kwanza maishani alijaribu kusema polepole, na akashindwa. "SITA! Ilikuwa kumi na tano enzi za marehemu. Wewe Bosi ulisema malori yanasubiri!"

"Nilisema tuharakishe," Bosi alisema. "Sikusema..." Akatazama ukutani, ile karatasi ya mstari ulionyooka, kisha akamtazama Shangazi, aliyekuwa bado amesimama na beseni kama anayesubiri kuambiwa aliweke wapi. "Na wewe Daktari. Kwenye maelekezo yako umeandika dakika ngapi?"

Kijiko akafungua karatasi, akatafuta. Masikio yakamwiva. "Nimeandika, 'changanya mpaka ichanganyike vizuri.'" Akashusha karatasi. "Kule maabara nachanganya kwenye bakuli hivi, kubwa kama kofia. Mtambo wenu sijawahi kuuona. Niliona aibu kuikataa soda."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka chenyewe, hata Bosi akatikisika mabega. Kilipotulia, Bosi akasimama, akavua saa yake, akampa Ngurumo. "Dakika ishirini. Malori yasubiri. Na madini uyagawe, nusu katikati, nusu juu. Shangazi, kaa kwenye kiti chako."

Shangazi hakusogea. "Kiti changu, Bosi?"

"Kuna mwingine anayeweza kukinga kikombe siku ana homa? Kaa. Ila kuanzia leo vikombe havichanganywi. Kila kimoja kitakaa peke yake, kiandikwe namba, na Daktari avipime vyote. Sawa, Daktari?"

"Sawa kabisa," Kijiko alisema. Tayari alikuwa ameelekea kwenye pazia la plastiki.

"Ngoja," Shangazi akamwita. Alichomoa kwenye msumari aproni ya ziada na kofia ya kitambaa. Akamvika mwenyewe, akamfunga kamba mgongoni kwa fundo la upande. "Huko kuna vumbi, mwanangu. Na leo hakuna soda."

"Sitaki soda, Shangazi."

"Nimejua. Ndiyo maana nakufunga sana. Mgeni hufungwa legelege, wa nyumbani hukazwa."

Wakaingia wote, na akina mama wakiwa nyuma yao. Ngurumo alipanda ngazi, akagawa madini kama alivyoambiwa, akafunga kifuniko, akabonyeza swichi. Mtambo ukazunguka. Dakika sita zikafika, na mikono yake ikaenda yenyewe kwenye swichi kama mikono ya mtu anayekuna kipele. Akaiweka mfukoni. Dakika kumi. Kijiko alisimama ubavuni mwa pipa, unga umempaka nyusi, akiuliza hiki na kile, na Ngurumo akamjibu yote. Hatimaye alikuwa amepata mtu anayependa kusikia habari za mtambo, naye hakuwa na haja ya kupunguza sauti. Dakika kumi na tano. Bosi alitazama dirishani kwenye malori, akarudisha macho. Ishirini.

Mlango wa chini ukafunguliwa. Shangazi akakinga cha mwanzo. Akasubiri, akakinga cha katikati. Akasubiri tena, mifuko ikipita mmoja mmoja mikononi mwake, akakinga cha mwisho. Akaviweka vitatu kwenye ubao bila kuvigusa kwa mwiko, ingawa mkono uliwasha.

Kijiko akaleta maji, akaingiza sumaku. Akaitoa.

Ndevu. Fupi, nyembamba, za kijana anayeanza kunyoa.

Akaifuta. Cha katikati: ndevu zilezile.

Cha mwisho hakuna aliyepumua. Sumaku ikapanda juu ya maji, na ndevu zikawa zilezile, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.

Kijiko alichukua kijiko chake mfukoni, akaonja, na machozi yakamlengalenga. "Maabara itapima tena," alisema akijifuta kwa mkono wenye unga. "Watoto tutaanza nao upya. Hii sumaku si kipimo, ni dalili tu. Lakini ni dalili nzuri. Na ripoti ile..." Akazigeukia karatasi zilizobaki mezani kule nyuma ya pazia. "Ile naichana. Na kwa akina mama, nawaomba radhi. Nitakuja kliniki niseme mwenyewe, mbele ya wote mia na ishirini."

Akina mama wawili wakamtazama Pini, wakisubiri asemee wote. Bosi naye akamtazama. Hata Ngurumo aliuzima mtambo ili asikie vizuri.

Shangazi alichukua mfuko mmoja, wa tatu kutoka mwanzo, bado una joto la mtambo. Akaufunga. Akauweka juu ya ubao mbele ya jirani yake, kwa mkono mmoja, kama anavyompa mtu wa nyumbani.

"Uliniuliza swali," alisema. "Nilikujibu kabla sijajua. Ulisema leo utauliza tena mbele ya watu. Basi watu hawa. Uliza."

Pini alitazama vikombe vitatu. Alimtazama Kijiko na nyusi zake za unga, akamtazama Shangazi na gauni alilomshonea yeye mwenyewe, pindo bado limenyooka. Akafungua mdomo. Watu wakajiandaa.

Akaufunga. Akachomoa pini moja kwenye ukosi, akaibana midomoni, akaunyanyua ule mfuko wa joto, akaukumbatia kifuani, akasukuma pazia kwa bega, akatoka bila kusema neno.